Jina la Mrushaji

Queensbury, London
16 Machi 1986

Ndugu yangu Pandu,

Jirani yetu Ramesh amerudi kutoka Unguja na salamu zako, na mimi tangu jana sijatulia. Kokila kanipa chai, imepoa. Kanipa nyingine, nayo imepoa. Ati Ramesh kaingia dukani kununua betri ya kamera, mzee mmoja mwenye miwani akaisikia lafudhi yake akamuuliza, "Wewe wa kwa nani?" Na mzee mwenyewe ni wewe. Pandu na miwani! Mimi nilidhani utabaki na macho ya kipanga mpaka mwisho.

Sitakuuliza kwa nini hukuandika miaka yote hii, nawe usiniulize. Barua za siku zile zilikuwa na wasomaji wengi kuliko walioandikiwa.

Habari zangu nitazitoa kwa ufupi, ingawa unanijua, ufupi sikujaliwa. Nakaa Queensbury, mtaa ambao ukipiga chafya asubuhi jirani anakuombea heri kwa Kigujarati. Nakaa dirisha la tiketi kwenye stesheni ya treni. Kokila anashona blauzi za sari nyumbani. Lata, uliyemuacha wa kubebwa, sasa ni mwalimu wa watoto wadogo. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Anaolewa tarehe tano Julai. Ndiyo, umesoma vizuri. Lata anaolewa.

Na kriketi? Kriketi ndiyo iliyonifanya nikae niandike leo badala ya wiki ijayo. Jumapili mimi ndiye skora, mwandika hesabu wa timu ya wazee wa Afrika Mashariki. Nahodha wetu ni Gurdial, Singasinga wa Nairobi, anaupiga mpira kana kwamba umemtukania mama. Lakini kuna jambo tamu zaidi. Maktaba yetu ina bibi mmoja wa Kiingereza, Ann, ambaye na wenzake wanakusanya kadi za mechi za kale kabisa za nchi hii, za karne ya kumi na nane, na wamenichukua niwasaidie kulinganisha hesabu. Pandu, wale wazee wa mwanzo skora wao hakuwa na daftari! Alikaa na kijiti na kisu. Kila mkimbio akikata alama, na wa kumi anaikata ndani zaidi ili asipotee. Wiketi ilikuwa na vijiti viwili badala ya vitatu, gongo limepinda chini, na mpira ukirushwa kwa chini tu, mkono haupandi.

Halafu kuna hili, lililonikosesha raha. Kadi kamili za zamani zaidi zilizobaki ni za mwaka 1744. Mpigaji akivunjiwa wiketi, jina la mrushaji linaandikwa. Lakini akidakwa, linaandikwa jina la aliyedaka peke yake. Mrushaji aliyetoka jasho, aliyemghilibu mpigaji mpaka akaupiga mpira juu, haandikwi popote! Mambo yakaenda hivyo karibu miaka mia. Wako watu walioshinda mechi nzima na hakuna karatasi inayowajua. Mimi nilimwambia Ann kwamba huu ni wizi, akacheka.

Nikakumbuka benchi letu la Mnazi Mmoja. Mimi skora wa timu yetu ya Wahindi, wewe skora wa makarani wa serikali, wapinzani tunaokula njugu za karatasi moja. Kila ova, mipira sita, ikiisha tunasomeana, na isipolingana hakuna anayenyanyuka. Watu walidhani tunagombana.

Sasa niseme moja, halafu nilifunge. Kabla sijapanda boti kwenda na timu Dar es Salaam, ile wiki ya Mapinduzi, nilikuomba uniangalizie nyumba yangu ya Mlandege. Yakatokea yaliyotokea, nikakwama huko, Kokila na mtoto wamebaki Unguja peke yao. Nilimtuma Vijay, mchezaji wetu aliyepata njia ya kurudi, aje kwako Kikwajuni akuulize habari zao. Aligonga siku tatu. Redio ilikuwa ikilia ndani, mlango haukufunguliwa. Niliumia, Pandu, sitakuficha. Lakini nimeishi, nimeona hofu inavyofanya watu, na nimekusamehe zamani. Mungu alimleta kaka yake Kokila, Chandrakant. Yeye ndiye aliyewatoa akawafikisha mikononi mwangu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi sijaacha kumshukuru hata siku moja.

Basi, nimelifunga. Niandikie. Skora akiwa peke yake ni muongo tu mwenye kalamu.

Wako,
Praful


Kikwajuni, Zanzibar
4 Aprili 1986

Ndugu Praful,

Waaleikum salaam, ingawa hukunipa salamu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kukagua. Nimeona makosa mawili. Njugu hatukula za karatasi moja; nilinunua mimi, ukala wewe. Na macho ya kipanga sikuwa nayo. Nilikuwa nachungulia daftari lako.

Mimi mzima. Nilisomesha skuli mpaka chaki ikaniingia kifuani, sasa nimestaafu, namkalia mkwe wangu duka lake la betri na taa. Mama yangu, Bi Mize, alitutoka mwaka jana kabla ya mfungo. Nadhani unamkumbuka, wewe uliyekuwa ukija kwake Jang'ombe kwa kisingizio cha kunitafuta mimi huku unatafuta bajia. Alikuwa akikuulizia sana. Na mtoto wenu akimuulizia zaidi.

Kriketi huku imekwisha, yakhe. Kiwanja kipo, kinachezwa mpira wa miguu. Lakini hao wazee wako wa kijiti wamenipendeza. Juzi nimekata kijiti cha mpera nikakaa barazani, nikawaandikia alama watoto wanaocheza uchochoroni. Ni kazi ngumu kuliko tulivyofanya sisi. Ukikosea huwezi kufuta. Labda ndiyo maana waliandika machache.

Ila kuhusu mrushaji sikubaliani nawe. Unalia nini? Mpigaji katoka, timu imeshinda, watu wamekwenda kunywa chai. Aliyerusha anajua, aliyedaka anajua. Anayekosa raha ni wa tatu, mwenye kalamu. Sisi tulifunzwa tenda wema wende zako, hatukuambiwa ngoja kwanza uandikwe.

Kuhusu mlango, msamaha wako nimeupokea, na nakushukuru. Si kila mtu hupewa msamaha bila kuuomba.

Nisalimie shemeji Kokila. Mwambie chungu kipo.

Nduguyo,
Pandu


Queensbury, London
27 Aprili 1986

Ndugu yangu Pandu,

Assalaam aleikum! Nimejirekebisha.

Pole, pole sana kwa Bi Mize. Bajia zile sijazila tena mahali popote, na mtaa huu una maduka ya bajia mpaka yanapigana vikumbo. Nilipomsomea Kokila habari ya msiba alilia sana, mpaka nikashangaa, maana nilivyojua mimi alikutana naye labda Sikukuu mbili tatu. Nikampa na salamu yako ya chungu. Akaenda jikoni akafungulia bomba. Ni chungu gani hicho?

Sasa nikujibu. Unasema aliyerusha anajua na hiyo inatosha. Haitoshi! Mjukuu wake je? Nina mechi moja mbele yangu hapa ambayo gazeti la siku zile linamsifu mrushaji kwa jina, na kwenye kadi wenzake waliodaka wameandikwa, yeye kapewa wiketi moja tu. Nikataka kumjazia haki yake. Ann akanizuia. Wana sheria yao: kadi ya kale haiguswi mpaka waliokuwepo wawili wakubaliane. Nikamwambia waliokuwepo wamekufa miaka mia mbili iliyopita. Akasema basi nafasi itabaki wazi, afadhali nafasi wazi kuliko jina la kukisia. Nikamjibu kwamba nina rafiki Zanzibar angesema hayohayo, na nyote wawili mna roho ngumu.

Lakini nimelipiza kisasi kwa namna yangu. Kadi ya harusi ya Lata, ile watakayogawiwa wageni mlangoni, nimeipanga kwa mtindo wa kadi ya mechi ya 1744. Bwana harusi na ndugu zake upande mmoja, sisi upande mwingine, na ratiba ya siku imegawanywa kwa ova. Lata alicheka mpaka akakaa chini. Na kwa nyuma, peke yake, nimeweka mstari huu, nitausoma mwenyewe mbele ya ukumbi mzima:

Kokila na Lata, 1964: alidaka Chandrakant.

Mtindo wa kale, jina la mdakaji tu. Umependeza, ama haukupendeza?

Tatizo ni mwenyewe. Alikuja Jumapili kutoka Rayners Lane, nikamuonyesha. Akaiweka chini, akasukuma sahani, akasema mstari ule ukisomwa yeye hatakuja harusini. Pandu, kwetu mjomba wa bibi harusi ndiye anayemletea sari na bangili za kuondokea kwao. Asipokuwepo, binti anaondoka kama asiye na kwao. Kokila hali vizuri kwa ajili ya jambo hili. Mimi nasema ni unyenyekevu tu, na unyenyekevu nao una kipimo chake. Nitausoma. Atakuja.

Wako wa benchi moja,
Praful


Queensbury, London
11 Mei 1986

Shemeji Pandu,

Praful hajui kama nakuandikia. Yuko kiwanjani na Gurdial, mvua inanyesha, watakaa chini ya turubai wakisema itaacha sasa hivi. Kwa hiyo nina nafasi. Kiswahili nilijifunza kwa kusema, kuandika sijui sana, utanivumilia.

Kwanza mama, Bi Mize. Mbele ya Praful nililia nusu nikajizuia, kwa sababu angeuliza. Kwa hiyo nalia sasa.

Asubuhi ile ulipotuingiza kwa mama Jang'ombe, kwa mlango wa uani, sikujua kama nitaiona jioni. Mama alinifuta tika, ile alama nyekundu ya usoni, kwa kidole chake, na kabla hajanigusa aliniomba radhi. Akanivua bangili moja moja, akazifunga kwenye kanga. Akanivisha buibui lake. Halafu akaniuliza nakula nini. Nje bunduki zinalia, shemeji, na yeye anauliza mgeni anakula nini! Nikamwambia samaki na nyama hatuli. Akapanda juu ya kiti akashusha chungu kipya, hakijaona moto, akasema, "Hiki cha Kokila." Nilipikiwa mchicha wa nazi ndani ya chungu kile mpaka siku tuliyoondoka. Majirani wakaambiwa mimi ni mtoto wa nduguye kutoka Pemba, bubu. Mimi, bubu! Praful angejua hilo angecheka mpaka alie.

Nawe ukahamia kwa mama, ukalala kwenye ukumbi miguu imegusa mlango. Redio yako ukaiacha inalia Kikwajuni ili watu wadhani uko kwako. Hiyo ndiyo redio aliyoisikia Vijay.

Unajua kilichofuata, lakini niache niseme, sijawahi kukisema. Kabla hujatupeleka bandarini mama aliniapisha. Alisema, "Mumeo mtu mzuri, lakini akijua kitu lazima akiandike. Na kikiandikwa, mwanangu watamchukua." Nikaapa, mkono juu ya kichwa cha Lata. Kaka yangu alitupokea bandarini, akapanda nasi. Yeye naye akakubali kuificha siri. Tukamwambia Praful kwamba siku zote tulikuwa nyuma ya duka la Chandrakant. Praful akamkumbatia, na tangu siku ile hajamwachia.

Kila Diwali anamshukuru. Kila mgeni akija anamsimulia. Kaka yangu amezeeka, juzi ameniambia, "Kokila, naogopa kufa na shukrani ya mtu mwingine mfukoni." Harusini hatakuja. Namjua, akisema amesema. Nimeshona blauzi ya Lata ya harusi mara mbili nikaifumua.

Na jingine. Praful aliponisomea barua yake ya kwanza, alipofika pale anapokusamehe, nilishika ukingo wa meza. Ukakaa ukapokea msamaha ule, ukashukuru! Nilitaka kukupiga na kukubusu mkono kwa pamoja.

Nakuomba unifungue kiapo. Aliyeniapisha hayupo, umebaki wewe. Ukisema hapana nitanyamaza, na harusi itakwenda hivyo hivyo ilivyo.

Shemeji yako,
Kokila


Kikwajuni, Zanzibar
25 Mei 1986

Shemeji Kokila,

Barua yako imenikuta tumefunga. Niliisoma dukani alasiri, nikafunga duka, nikarudi nyumbani. Mke wangu akaniuliza kama swaumu imenishinda.

Kiswahili chako cha kuandika hakina ubaya. Kwa bubu wa kutoka Pemba ni kizuri mno.

Kiapo nimekufungulia. Mama alikiweka kwa ajili yangu, alikuwa na mtoto mmoja. Na hakukosea. Watu wa serikali mpya walikuja kuniuliza nilikuwa wapi siku zile. Nikasema nilikuwa kwangu nasikiliza redio, na jirani akanishuhudia kwamba redio ililia mpaka akachoka nayo. Yakaishia hapo. Sasa mimi ni mzee muuza betri, hakuna anayenitaka.

Unaniuliza, bila ya kuniuliza, kwa nini nilipokea ule msamaha. Iliniuma, shemeji. Iliniuma kwa sababu ndiyo maana alikaa kimya miaka yote, alidhani nimemfungia mlango. Lakini nilikuwa nimemkosa sana mumeo. Nikaona kama barua zake zinakuja na msamaha ndani, basi nisamehewe tu, mradi zije.

Mwambie. Ila usimwambie akiwa amesimama karibu na kitu cha moto. Na akitaka kuandika, mwache aandike.

Na umwambie Chandrakant kutoka kwangu aende harusini kichwa juu. Kudaka si jambo dogo. Yeye alikuwa na nafasi yake kwenye boti siku nyingi kabla, akaziacha boti ziondoke, akawa anakuja bandarini kila siku asijue kama mko hai. Mpira ule ulikaa juu sana, na hakuondoka chini yake. Nusu ya shukrani aliyokula ni yake. Mimi alinishikia nusu nyingine tu.

Mpe Lata dua zangu. Alikuwa hanyamazi ila mama ampigie kijiko kwenye sinia.

Shemejio,
Pandu


Queensbury, London
13 Julai 1986

Pandu,

Nirudishie msamaha wangu. Niliupeleka kwa mtu siye.

Kokila aliniambia jikoni. Alizima jiko kwanza, akanitoa kisu mkononi, akanikalisha. Alipofika kwenye ububu nilicheka. Alipofika kwenye redio nikashuka kitini nikakaa sakafuni, na hapo nilikaa mpaka Lata akarudi kutoka kazini akatukuta. Mimi nilikuandikia kwamba nimeona hofu inavyofanya watu! Nikakuandikia hayo wewe, uliyelala miguu yako imeuegemea mlango wa mke wangu. Nawe ukanijibu kwa adabu, ukanishukuru. Ungenitukana ningelala vizuri zaidi.

Nilichukua basi kwenda Rayners Lane. Chandrakant akafungua mlango, akaniangalia, akasema, "Ameshakwambia." Nikamwambia ndiyo, na nikampa salamu zako za mpira uliokaa juu. Akasimama pale kizingitini anarudia, "Kasema hivyo? Pandu kasema hivyo?" Tulilia, wazee wawili, na mkewe akaleta maji kana kwamba kuna mtu ameanguka. Ndugu yangu, ile nusu uliyomuachia imemponya.

Kadi zilikuwa zimekwisha pigwa chapa, maboksi yamejaa sebuleni. Kwa hiyo nikakaa na kalamu. Lata akaja akaniuliza kwa Kiingereza Pandu ni nani. Nikamwambia yote, kijiko na sinia pia. Akavuta boksi jingine, akatafuta kalamu yake. Tuliandika kadi zote mimi na yeye, jina moja kila kadi, na alipofika ya mwisho akanisomea kwa Kiswahili, Pandu, kwa Kiswahili, na lafudhi yake ya Kilondoni: "Alirusha Pandu."

Chandrakant alikuja. Alikuja na sari nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, nzito, Lata akaonekana kama ataanguka nayo. Niliposoma mstari wetu ukumbini yeye ndiye aliyesimama wa kwanza kupiga makofi, na Gurdial akapiga ukelele wa uwanjani mpaka kuhani akageuka. Kokila hakulia. Aliweka mkono juu ya kichwa cha Lata, ukakaa hapo.

Asante. Nimeliandika neno hili mara nyingi na kulifuta, kila mara naliona dogo, na sasa naliacha lilivyo. Mke wangu yuko chumba cha pili anaimba na cherehani. Binti yangu kaenda kwa mumewe akicheka. Nimekula, nimelala na nimezeeka juu ya wema wako, nikidhani ni bahati yangu. Asante, Pandu. Asante, ndugu yangu.

Bado kuna kazi moja. Ann alikuwepo harusini, Kokila kamfunga sari, akaisoma kadi mbele na nyuma. Akaniuliza, "Na wa pili aliyekubali ni nani?" Ana haki. Nimeandika jina kwenye kadi ya 1964, na sheria ni ileile. Kwa hiyo nakutumia hii moja. Sahihi yangu iko chini kushoto. Kulia pako wazi. Isipolingana hakuna anayenyanyuka.

Wako,
Praful


Kikwajuni, Zanzibar
30 Julai 1986

Ndugu Praful,

Kadi imefika, nimeikagua. Ina kosa.

Usishtuke. Mdakaji ni sawa. Mrushaji siye.

Asubuhi ile milio ya bunduki ilipoanza mimi nilikuwa kwangu, nimekaa kando ya redio, sijui nianzie wapi. Aliyekuja kunigongea ni mama. Alitoka Jang'ombe kwa miguu, peke yake, barabara zikiwa vile. Hata hakukaa. Akaniuliza, "Praful alipoondoka alikuomba nini?" Nikamwambia aliniomba nimuangalizie nyumba. Akasema, "Basi kamlete Kokila. Nakwenda kumtandikia." Akageuka akarudi zake, na mimi nikainuka. Buibui lilikuwa lake, nyumba yake, uongo wa Pemba wake, kiapo chake. Mimi nilisimama nyuma ya wiketi tu, nikazuia mpira usipite.

Nimelikata jina langu kwa mstari mmoja, kama tulivyokuwa tukikata, ili lililoandikwa kwanza lisomeke. Juu yake nimeandika Mize binti Ussi. Sahihi yangu iko kulia. Ukikubali, weka herufi zako za jina kando ya sahihisho, umpelekee Ann. Nilikwambia mrushaji hahitaji kuandikwa. Nilikuwa nasema juu ya nafsi yangu. Kwa mama nimebadili mawazo.

Kabla ya kwenda posta niliipitisha kaburini kwake nikamsomea. Nikamsomea na asante yako yote, sikupunguza. Mimi nami nakushukuru, Praful, kwa kuwa mtu asiyeweza kuona nafasi wazi akanyamaza. Jina lake halikuwa limeandikwa popote, ndugu yangu, hata kwenye cheti cha kuzaliwa kwangu walilikosea.

Sasa njooni. Njoo na Kokila, na Chandrakant akiweza, na Lata amlete mumewe. Mwambie shemeji chungu kiko palepale juu ya rafu ya mama. Alikuwa akikishusha kila Sikukuu akakiosha, akakirudisha, na sasa mke wangu anafanya hivyo. Samaki hajaingia ndani yake mpaka leo.

Skora wa pili,
Pandu Simai